Hatua ya Tisa

Picha ya Jackton Odera iliyotundikwa Olaya, mtaa wa Riyadh, ilikuwa kubwa kuliko nyumba aliyozaliwa. Ilifunika ghorofa sita za jengo la vioo karibu na kituo cha metro, na kila asubuhi Elkanah aliposhuka pale kwenda kazini ilimbidi apite chini ya nyayo zake. Jackton alikuwa hewani, goti moja limekunjwa, mguu mwingine umenyooka, mikono imetulia kama ya mtu anayevuka dimbwi na hataki kulowa. Maandishi ya Kiarabu na Kiingereza yalitangaza kwamba mcheza baleti mashuhuri kutoka Kenya angetumbuiza Riyadh siku mbili, kisha Jeddah siku moja. Yalisema pia kwamba watu wangejionea wenyewe kiruko chake.

Chake. Kila Elkanah alipolisoma neno hilo mate yalimgeuka machungu. Kiruko kile kilikuwa cha Elkanah. Kiliibwa mchana kweupe, na mwizi akakipanda hadi kikamfikisha juu ya jengo la watu.

Ni hivi. Mcheza baleti anapotaka kuruka ule mruko mkubwa, wa kupasua miguu hewani, hukimbia kwanza kutoka pembe ya jukwaa. Wachezaji wengine hukimbia tu. Jackton hukimbia, na katika hatua ya tisa huruka kidogo, kiruko cha kitoto, halafu ndipo hupaa kwelikweli, na mtazamaji aliyekuwa akingoja kitu kimoja anajikuta amepewa viwili. Magazeti ya Ulaya yalikiandikia kurasa nzima. Kuna waliosema ni ngoma ya mababu zake, na wengine wakasema ni mapigo ya moyo wa Afrika. Upuuzi mtupu. Lilikuwa shimo.

Shimo lenyewe lilikuwa Kariobangi, Nairobi, katika ukumbi wa kanisa uliokuwa ghala zamani, mkabala na dirisha la tatu, pale ambapo wauza vyuma chakavu walikuwa wameiba mfuniko wa mtaro. Mwalimu Risper, mwanamke aliyesomea baleti ng'ambo akarudi nyumbani na magoti mabovu, aliwafundisha humo vijana kumi na wawili. Wengine wote walilikwepa shimo lile kwa kuzunguka. Elkanah, akiwa na miaka kumi na saba, hakutaka kupoteza kasi, kwa hiyo alilipofikia katika hatua ya tisa akawa analiruka na kuendelea na safari yake. Siku Mwalimu Risper alipomwona alizima redio, akamwambia arudie, kisha akamwambia arudie tena. Alimwambia asikiache kile kitu hata siku shimo litakapozibwa.

Mwaka uliofuata shule moja ya Ulaya ilitangaza nafasi moja kwa kijana wa Kiafrika. Mwalimu Risper aliwarekodi wanafunzi wake wawili bora, Elkanah na Jackton, kwa kamera ya kuazima. Mwanga ulikuwa unatoka madirishani nyuma yao, nyuso zikaonekana nyeusi tititi. Wote wawili walikuwa wamenyoa kipara, wote walivaa kaptura nyeusi, na urefu wao ulikuwa mmoja. Jackton ndiye aliyejua mambo ya kompyuta, kwa hiyo ndiye aliyetumwa cyber, kwenye duka la intaneti, kuchoma DVD mbili, moja ya kila mmoja, kuziandika majina na kuzipeleka posta. Aliporudi alikuwa mchangamfu ajabu. Jioni ile ile alimwomba Elkanah amfundishe kiruko.

Na Elkanah akamfundisha. Hilo ndilo lililomla miaka yote, kuliko hata wizi wenyewe. Kwa mwezi mzima alisimama kando ya lile shimo akimhesabia rafiki yake hatua, akimshika kiuno, akimwonyesha namna ya kutua kwa kidole gumba kwanza, na akafurahi kama mjinga Jackton alipokipata. Barua ilipofika, Mwalimu Risper aliisoma kwa sauti mbele ya darasa. Shule ilikuwa imependezwa mno na kijana yule anayeruka mara mbili, Jackton Odera. Mwalimu alimtazama Elkanah, akaikunja barua. Alijua majina ya DVD yamebadilishwa. Lakini jina lilikuwa limeshaandikwa, na angefungua mdomo nafasi ingepotea kwa wote, basi akaumeza ukweli. Elkanah aliambiwa angoje zamu yake. Mwaka haukuisha mwalimu akafariki, na ukumbi ukageuzwa ghala tena.

Miaka kumi na sita ilikuwa imepita tangu hapo. Elkanah alibeba zege Nairobi, akaja Riyadh akalinda mlango wa duka miaka minne, kisha akapata kampuni ya kutengeneza majukwaa. Huko alikuta kazi ambayo hakuna aliyemshinda. Wacheza dansi hawachezi juu ya mbao tupu. Hutandikiwa mkeka mweusi wa plastiki unaokuja katika mabunda mazito, vipande vinaunganishwa kwa utepe mpana, na mkeka huo hauoshwi kwa sabuni wala kuguswa na mafuta, maana ukiteleza kidogo tu mtu anavunjika. Wenzake waliukagua kwa macho. Elkanah alivua viatu akautembea kwa soksi, pembe hadi pembe, na nyayo zake zilihisi uvimbe mdogo kama punje ya mchele. Bosi wake, Mmisri aliyeitwa Hatim, alizoea kusema mkeka usiokanyagwa na Elkanah haujakamilika. Hatim hakujua kwamba kila Elkanah alipoukagua, akianzia pembe ya nyuma kulia, mguu wake ulikuwa ukiruka wenyewe katika hatua ya tisa.

Walikutana kwenye mazoezi, siku moja kabla ya onyesho la Riyadh. Jackton aliingia na viatu vya manyoya na skafu shingoni, akateleza kidogo huku na huku kupima mkeka, akauliza ni nani fundi aliyeuweka. Hatim alimsukuma Elkanah mbele kwa fahari. Jackton alinyoosha mkono, na mkono ule ukasimama njiani kitambo kidogo, kabla ya kuendelea na safari yake.

“Asante sana, boss,” alisema. “Wewe ni wa wapi Kenya?”

“Kariobangi.”

“Ah, Kariobangi. Nimeisikia.”

Alimwambia kazi ni safi, akachukua picha yake kutoka kwa msaidizi wake, akaitia sahihi na kuandika juu yake, Kwa rafiki yangu. Hakuuliza jina la rafiki huyo. Elkanah alishukuru kwa heshima zote, akaenda kuitia ile picha katika sanduku la vifaa, chini ya kisu cha kukatia utepe. Kusahauliwa angevumilia, mtu akipanda juu sana husahau. Ila alikuwa ameuona ule mkono ukisimama. Jackton alimkumbuka vizuri, akachagua kumfanya mgeni.

Ijumaa, Wakenya walipokutana chumbani kwao mtaani Malaz kusali kwa sauti ya chini, Elkanah alifika kwenye maneno ya kuwasamehe waliotukosea akafunga mdomo. Wenzake wakaendelea bila yeye.

Safari ya Jeddah waliifanya kwa lori lililobeba mkeka, yeye na Duncan, dereva wa kampuni, ambaye ni mtu wa Nakuru na ndiye aliyelala kitanda cha pili chumbani mwao. Katikati ya jangwa Elkanah alimsimulia yote. Duncan alicheka aliposikia habari ya shimo, kisha akaacha kucheka. Alitaka kujua kwa nini Elkanah hasemi hadharani. Elkanah akamuuliza asemee wapi, na nani ataamini mtandika mikeka dhidi ya mtu aliyefunika ghorofa sita.

“Kuna ile dawa ya kung'arisha meza,” Duncan alisema. “Puliza mara mbili pale anapotuanga, halas, kazi imekwisha. Ataanguka kama gunia, na mafi mtu, hakuna atakayejua.”

Walipofika Jeddah na kumaliza kushusha mizigo, alienda peke yake Balad, mji wa kale, akapenya katikati ya wachukuzi na mikokoteni yao chini ya zile nyumba kongwe za matumbawe, akaingia duka la vifaa vya nyumbani na kununua kopo moja. Muuzaji alimsifia: meza itang'aa hata inzi akitua atateleza. Elkanah alimwambia hicho ndicho hasa alichokuwa anatafuta.

Jukwaa lilikuwa limejengwa uwanjani, mwendo mfupi kutoka masokoni. Onyesho lingeanza saa kumi na moja jioni, familia zije na watoto. Ilisemwa kwamba Jackton, aliyekuwa ameshatimiza miaka thelathini na minne na ambaye miaka ya mruko ilikuwa inamwishia, angetazamwa siku hiyo na watu kutoka kampuni kubwa ya baleti ya Ulaya waliotaka kumpa kiti cha ukurugenzi, ili awafundishe vijana wao kiruko chake. Hatim alilieleza hilo akitaka mkeka uwe shwari. Elkanah alilisikia kama mtu anayesikia mnada wa ng'ombe wake.

Saa nane mchana wenzake walienda kula, yeye akabaki na mkeka. Alivua viatu. Alihesabu kutoka pembe ya nyuma kulia, mguu ukaruka mahali pake, akasimama pale alipotua na kulitoa kopo mfukoni. Kidole kilikuwa juu ya kifuniko. Alimwona Jackton akitua kwa kidole gumba, kama alivyofunzwa, mguu ukienda upande usiotakiwa, goti likipiga kelele, uwanja mzima ukisimama. Utamu wa picha ile ulimpanda hadi kichwani.

Halafu akaona kilichofuata, na utamu ukakata. Aliona watu wakikimbia na barafu. Aliona maua hospitalini, magazeti yakilia, mamilioni ya watu wakimpa pole yule mwizi. Mtu akianguka huhurumiwa. Na aliyestaafu kwa kuvunjika goti huondoka na vitu vyake vyote, na kiruko kikiwamo, kimeandikwa jina lake milele. Elkanah hakutaka Jackton aumie. Alitaka arudishe. Tena kulikuwa na jambo jingine dogo, nalo liliuma kulikubali: mikono yake haikuwahi kuweka mkeka mbaya hata mmoja, na hakuona sababu ya Jackton Odera kumwibia na hilo.

Alilirudisha kopo mfukoni na kuvaa viatu.

Desturi ya kazi ile ni kwamba dakika chache kabla ya pazia kufunguliwa, fundi wa mkeka hupitisha dekio kavu mara ya mwisho, kisha hakuna anayeruhusiwa kukanyaga ila wachezaji. Elkanah alipitisha dekio taratibu. Nyuma ya pazia alisikia watoto wakiitana na wazazi wakiwanyamazisha. Alipomaliza alitokea upande wa kulia, ambako Jackton alikuwa amesimama gizani peke yake, amevaa nyeupe, akipumua kwa pua kama Mwalimu Risper alivyowafundisha. Elkanah aliegemeza dekio ukutani.

“Jackton, unanijua mimi ni nani?”

Jackton hakugeuza shingo. “Si saa hii, Elkanah.”

“Kumbe jina unalo.”

“Tutaongea baadaye. Please, bro. Naingia dakika mbili.”

Elkanah alilitoa lile kopo na kulishika mahali ambapo taa ya bluu ya nyuma ya jukwaa ililifikia. Hata asiyejua Kiarabu angeelewa, maana kulikuwa na picha ya meza inayong'aa. Jackton alilitazama, kisha akautazama mkeka mweusi uliokuwa unamngoja.

“Huo mkeka nimeweka mimi,” Elkanah alisema, kwa sauti ya mtu anayeelekeza njia. “Hatua ya tisa unaijua, na mimi naijua. Labda nimepaka, labda sijapaka. Ukitua pale ndio utajua.”

“Huwezi kunifanyia hivyo.”

“Basi ita bosi wangu apanguse. Yuko hapo. Lakini atakuuliza mtandika mkeka ana kisa gani na wewe. Mwambie. Anza na ile DVD.”

Neno moja tu la Jackton lingetosha. Elkanah angeshikwa pale pale, ikama yake, kibali cha kuishi nchini, ingefutwa, na wiki ile ile angekuwa kwenye ndege bila mbele wala nyuma. Alilijua hilo na akasimama tu. Jackton alimgeukia Hatim, aliyekuwa hatua sita kutoka pale akizungumza kwenye simu. Mdomo ulifunguka. Elkanah aliuona ukitafuta pa kuanzia, akaona pia ulipogundua kwamba hakuna pa kuanzia ila mwanzo. Ukafungwa. Muziki ukaanza, na msimamizi wa jukwaa akampungia Jackton mkono aingie.

Alicheza vizuri, tusimsingizie. Mgongo wake ulikuwa ule ule, na alipozunguka watu walibana pumzi. Kisha akaenda pembe ya nyuma kulia, na uwanja wote ukatulia, kwa sababu hicho ndicho walichokuja kuona. Hata watoto walisimama juu ya viti. Elkanah alihesabu kwa midomo. Moja, mbili, tatu, nne, kasi ikapanda, saba, nane. Katika hatua ya tisa Jackton aliyaangusha macho chini. Hakuruka. Alipakanyaga mahali pale kwa hatua fupi, kama mtu aliyesikia mbwa, akaunyakua mruko mkubwa kwa kuchelewa, akaupata nusu, akatua mzito.

Halafu, safu za mbele, sauti ya mtoto mdogo ikauliza kwa mshangao wa kweli kama ndiyo imekwisha:

“Halas?”

Watu wakacheka kidogo, kwa aibu, na wengine wakapiga makofi ya kumsaidia. Mchezo ule ulikuwa na kiruko mara tatu. Mara ya pili alikimbia kama mtu aliyeazimia, na miguu ikamkatalia pale pale. Mara ya tatu hakuna aliyesimama juu ya kiti. Mzungu mmoja katika safu ya wageni waheshimiwa aliandika kitu kwenye karatasi, akaifunika kalamu.

Elkanah aliyaona yote kutoka gizani, na furaha ilimjaa kifuani hadi akashindwa kukaa. Hakuionea haya. Alikuwa ameingoja miaka kumi na sita.

Watu walipotoka na taa kubwa kuwashwa, Elkanah alipiga magoti kuanza kubandua utepe. Alisikia nyayo tupu. Jackton alikuwa amekuja na taulo begani, uso umepanguswa nusu, rangi nyeusi ya macho imemtiririka. Hakumtazama Elkanah. Alienda hadi mahali penyewe, akainama, akapitisha kiganja juu ya mkeka mara moja, mara mbili, akanusa kiganja. Akapitisha tena.

“Hakuna kitu,” alisema.

Elkanah alimrushia kopo. Kifuniko kilikuwa bado kimefungwa kwa plastiki ya dukani.

“Ungeanguka wangekuhurumia,” alisema. “Sikutaka uhurumiwe.”

Jackton alikaa pale chini na kopo mapajani. Alianza kueleza. Alikuwa na miaka kumi na minane, alisema, na nyumbani hakukuwa na chochote, na kila alipokiruka kiruko kile mahali popote duniani alimwona Elkanah kando ya shimo akimhesabia. Riyadh alipomwona alitaka kumkumbatia, ikawa mwili umemkataa. Elkanah alimsikiliza hadi mwisho bila kusimamisha mikono yake, kwa sababu utepe ukipoa hung'ang'ania. Hakusema amesamehe, maana hakuwa amesamehe.

“Sasa ruka,” alimwambia. “Umeona ni safi. Hakuna mtu. Ruka twende nyumbani.”

Jackton aliinuka polepole. Alienda pembeni, akapumua kwa pua, akakimbia. Nane. Katika ya tisa alisimama wima, mikono hewani, kama mtu aliyefika ukingoni mwa kitu. Alirudi akajaribu tena, na tena akasimama. Mara ya tatu hakufika hata ya tano. Alibaki katikati ya jukwaa akiitazama miguu yake, ile miguu iliyofunika ghorofa sita, na akamtazama Elkanah kwa macho ya kuuliza, kama zamani alipokuwa akifundishwa na anakosea.

“Nihesabie,” alisema.

Elkanah alikibandua kipande cha mwisho cha utepe, akakivingirisha.

“Yalla, toka kwa mkeka,” alisema. “Nataka kukunja.”

Jackton akatoka. Alisimama kando, na kopo bado mkononi, akamtazama yule fundi akivua viatu vyake vizito na kuvuka kwenda kuanza kukunja upande wa pili. Elkanah alitokea pembe ya nyuma kulia. Hakuwa anafikiria chochote ila lori na foleni ya kutoka mjini. Katika hatua ya tisa mguu wake ukaruka wenyewe, wa mtu mzima, mzito, mwenye soksi iliyotoboka kisiginoni, ukatua kwa kidole gumba kwanza.